Hayupo

Namba kumi na saba. Nilimwita mara mbili.
Nilikuwa na haraka, karatasi za mtihani zimejaa mezani,
nikaandika kwa wino wa buluu: hayupo.
Naye yupo.
Hatua sitini kutoka mlangoni pangu,
nyuma ya uzio, ndani ya basi lililofungwa,
kalala kiti cha nyuma, mkoba kaukumbatia,
na jua la Ibra mwezi wa Mei
halipigi hodi.

Siku tatu shule haikufunguliwa.
Ya nne watoto wakaja kwa miguu,
kila mmoja kashikwa mkono,
hata wale wa darasa la sita wanaojifanya wakubwa.

Kutoka Maskati akaja Bi Ghaniya
na begi la penseli za rangi.
Chorani mnachotaka, aliwaambia.
Wakachora madirisha.
Kurasa ishirini na tano, madirisha matupu,
hakuna gurudumu, hakuna usukani.
Lukman la kwake alilifungua,
akalitia na feni.

Msiwaambie amelala, akatufunza Bi Ghaniya.
Mimi nilishawaambia.
Ndiyo maana Shamsa haweki tena kichwa juu ya dawati,
ndiyo maana mama yake hunipigia saa nane za usiku:
mwalimu, mtoto hataki kufumba macho.
Basi nikasimama nikalitamka neno lenyewe,
Muhalab amekufa,
kwanza kwa Kiarabu cha ubaoni,
kisha kwa Kiswahili cha jikoni,
maana nusu yao ndicho wanachobembelezewa.
Nikaongeza, hakuna aliyenituma:
na mimi sikwenda kumtazama.
Kimya.
Zahran akanyoosha kidole, akauliza
kama joto linauma.
Nikasema ndiyo.
Mpaka leo sijui kama ndilo lililotakiwa.

Halafu Raya.
Raya binti wa dereva, dawati la mbele.
Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana,
wamemwachia nafasi tu pande zote
kama ukuta wenye rangi mbichi.
Baba yake yuko kituoni, anahojiwa.
Mkate wake wa jibini na chipsi
unarudi nyumbani kama ulivyokuja.

Jumatano mama yake Muhalab akapita
kuchukua madaftari ya mwanawe.
Katoka soko la wanawake,
harufu ya ndimu kavu iliingia kabla yake.
Nikamkabidhi. Akalifungua la hesabu,
akalifunga.
Ndipo akamwona yule mtoto
na duara lake la hewa.
Niliogopa, sitaficha.
Nikasogea nisimame kati yao.
Akanipita, akavuta kiti cha kitoto,
magoti yakamfika kifuani,
akakaa. Muda mrefu.
Kisha: Ushakula?
Raya akatikisa kichwa.
Na mie sijala.
Wakaukata mkate nusu kwa nusu,
wakatafuna bila kutazamana.
Usiniulize kama amesamehe.
Alipoinuka abaya yake ilikuwa na makombo,
hakuyakung'uta.
Kesho yake Shamsa alihamisha kiti chake
kidogo, upana wa kiganja,
upande wa Raya.

Mkuu wa shule alitaka jina nilifute,
orodha ianze upya, watoto wasahau.
Nimemwambia wino huu hausikii raba.
Kumi na saba nikiifikia nalisoma jina lake polepole,
tunangoja kidogo, kisha kumi na nane.

Na mtoto yeyote asipoitika
kalamu naiweka chini.
Natoka. Lukman hunifuata, sijamwita.
Tunapanda basi, tunapapasa viti kimoja kimoja,
yeye kushoto, mimi kulia,
chini ya viti pia, mpaka nyuma kabisa.
Anahesabu kwa sauti kubwa
ili wa darasani wasikie.
Kiti cha mwisho huwa cha moto.
Hapo mkono huuacha kwanza,
ndipo hushuka.